Kwale wa Kitambaa

Baba yangu aliweka nadhiri mbele ya watu wanne na mbwa mmoja, na katika hao wote ni mbwa peke yake aliyekaa kimya kama inavyotakiwa.

Nadhiri yenyewe ilikuwa hivi. Siku Karani atakaposimamia hewa kwa mara ya tatu, baba atafunga nyumba yake ya kando ya bwawa, atamkabidhi kaka funguo, na atahamia kwenye ghorofa ya kaka mjini, katika chumba ambacho kaka alikuwa ameshakipaka rangi bila kuulizwa. Kaka alisema sawa. Wifi yangu, mke wa kaka, alisema sawa. Bwana mifugo, aliyekuja kumchoma mbwa sindano na kujikuta kwenye kikao cha ukoo, alisema yeye hayamhusu ila sawa. Mimi nilisema tutaona, nikaambiwa nisilete ubishi.

Ili mtu aelewe nadhiri hiyo lazima kwanza amwelewe mbwa, na hapo ndipo wageni wengi hukumbuka wana safari.

Karani ni mbwa jike wa kuonyesha ndege. Ana kichwa cha kahawia na mwili mweupe wenye madoa, utadhani mtu alikung'uta kalamu juu yake. Zamani, kabla bunduki hazijaenea, wawindaji wa huko Ulaya walikamata ndege kwa nyavu. Mbwa alitangulia akinusa, na akishawapata ndege kwenye nyasi hakubweka wala hakuwarukia. Aliganda. Watu wakaja polepole na wavu, wakamfunika yeye na ndege kwa pamoja. Kwa hiyo mababu zake Karani walichaguliwa, kizazi hadi kizazi, kwa sababu walikubali kufunikwa wavu bila kulalamika. Baadaye bunduki zikaja na nyavu zikatupwa, lakini hakuna aliyempa mbwa taarifa. Akaendelea kuganda. Kisha Wajerumani wakamchanganya na mbwa wa kufuata nyayo, maana walitaka mbwa mmoja afanye kazi zote: aonyeshe ndege, aogelee kumleta bata aliyeangukia majini, afuate damu ya mnyama aliyejeruhiwa, na akirudi alinde nyumba. Walimpata. Walichosahau kumwekea ni swichi ya kumzima.

Huyu mbwa asipokimbia saa mbili kwa siku hukosa adabu. Na akiachwa peke yake huona dunia imekwisha. Mama yake Karani alikula mlango. Sisemi aliukwaruza. Aliula mlango wa jikoni kuanzia chini mpaka bawaba ya kwanza, siku baba alipokwenda mjini kutibiwa jino na kuchelewa kurudi. Baba alipoona alisema ni kosa lake, akamwomba mbwa radhi. Mimi nilipochelewa kurudi kutoka shuleni sikuwahi kuombwa radhi na mtu.

Ukoo huu wa mbwa uliletwa na mhandisi mgeni aliyekuja kujenga bwawa. Baba alikuwa msimamizi wa milango ya maji, kazi aliyoifanya miaka thelathini na mmoja, na mhandisi alipoondoka alimwachia bibi yake Karani pamoja na kurasa sita zilizopigwa taipu, maagizo ya malezi. Asichanwe kwa kitana, afutwe kwa glovu ya mpira mara moja kwa wiki. Masikio yakaushwe kila atokapo majini, kwa sababu yananing'inia na unyevu ukikaa ndani yanaoza. Asilishwe kabla ya kukimbia wala mara tu baada ya kukimbia, tumbo lisije likajisokota. Kucha zikatwe zikianza kusikika sakafuni. Asipigwe kamwe, maana hasahau. Baba alizihifadhi kurasa hizo ndani ya plastiki, mahali ambapo watu wengine huweka vyeti vya kuzaliwa vya watoto wao. Cheti changu mimi kilipotea.

Kwenye ukurasa wa tano palikuwa na maneno kuhusu mashindano. Mbwa akiganda mahali pasipo na ndege, huko ni kusimamia hewa. Mara tatu, anastaafishwa. Ndipo baba alipoipata nadhiri yake.

Tukirudi kwa Karani. Akinusa kwale kwenye nyasi, anasimama ghafla, anakunja mguu mmoja wa mbele, mkia unanyooka, pua inaelekea walipo, na hapo hatikisiki mpaka aambiwe. Baba huvua kofia. Halafu mtu mwingine hutangulia kuwarusha ndege. Baba alimwita Karani kwa sababu anaonyesha kazi ilipo na kuwaachia wengine waifanye. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kusimamia hewa hata mara moja. Ndiyo maana baba aliweka nadhiri ile kwa moyo mkunjufu kabisa. Alijua anatoa ahadi ambayo haitamgharimu kitu.

Macho ya baba ndiyo yaliyoleta kikao. Alikuwa na presha ya macho, na ilikuwa imemwachia mwanga na vivuli tu. Bunduki aliirudisha polisi mwenyewe miaka mitano iliyopita, akapewa risiti, akaniambia niisome kwa sauti mara mbili. Lakini Jumamosi hakuziacha. Kila Jumamosi asubuhi tulitoka watatu, yeye, mimi na Karani, tukapita kwenye nyasi za nyuma ya bwawa. Karani akisimama, baba anavua kofia, mimi natangulia, kwale wanaruka, frrrr, na baba anayasikia yale mabawa. Basi. Anavaa kofia, tunarudi nyumbani, na anakula kama mtu aliyelima.

Kaka alikuwa anapinga, na naomba nisiwe mwongo, alikuwa na hoja. Nyuma ya bwawa kuna mtaro wa saruji wa kumwaga maji, unaomfika mtu mzima kifuani, hauna ukingo. Kaka ni mkaguzi wa mizani. Anazunguka madukani na sanduku lake la mawe ya kupimia, na mtu akipunja anamwandika. Ameshamwandika muuza nyama wa mtaani kwetu kwa gramu arobaini. Muuza nyama huyo ni mjomba wetu. Mjomba hajakanyaga kwetu tangu hapo, na kaka anasema gramu arobaini ni gramu arobaini. Ukimuuliza hali ya mtoto mwenye homa anakutajia joto lake mpaka nukta. Hajui kutia chumvi wala kupunguza. Kwa hiyo alipoulizwa nani atakuwa shahidi wa kuhesabu, alinitazama akasema, "Wewe ndiye unayetembea naye. Utahesabu kwa haki?"

"Nitahesabu," nilisema.

Mimi ni fundi wa miavuli. Nina kibanda karibu na kituo cha basi, na nilirudi kuishi kwa baba mwaka ule mume wangu alipogundua kwamba anahitaji nafasi ya kufikiri, nafasi ambayo baadaye ilionekana ina jina na watoto wawili. Nayasema haya kwa sababu yanahusika. Nilikuwa nampenda baba, na nilikuwa naiogopa nyumba ile bila yeye. Katika hayo mawili sijui ni lipi lilinisukuma zaidi, na sijajaribu kulipima.

Mara ya kwanza ilikuwa mwezi mmoja baada ya nadhiri. Karani alisimama mbele ya kichaka karibu na mawe, mguu juu, mkia sawa. Baba akavua kofia. Nikatangulia. Nikapiga nyasi, nikazunguka kichaka, nikapiga tena. Hakuna.

"Vipi?" baba akauliza.

"Hakuna kitu, baba."

Akavaa kofia, akasema, "Moja." Bwana mifugo alipokuja alimtazama Karani puani akasema pua nayo huzeeka kama goti. Hakuna dawa.

Jumamosi mbili baadaye akasimamia hewa tena, pale pale kwenye mawe. "Mbili," baba alisema kabla sijafungua mdomo. Tulipofika nyumbani alipapasa ukuta wa sebuleni, akashusha saa, akaifunga kwenye gazeti na kuiweka juu ya sanduku. Siku hiyo hakula. Karani naye hakula, akalala chini ya kiti cha baba akiwa ameficha pua kwenye miguu. Mnyama alijua ameharibu kazi.

Jumamosi iliyofuata kulikuwa na mawingu, nikabeba mwavuli mweusi wa mteja niliokuwa nimeutengeneza usiku wa kuamkia siku hiyo, ule wa kubonyeza kitufe. Karani akasimama. Baba akavua kofia. Nilitangulia nikiwa naomba kimoyomoyo, sijui nilikuwa namwomba nani, kwale au Mungu. Nikafika nyuma ya kichaka. Hakuna hata unyoya. Nilisimama pale nikijua kwamba neno moja tu kutoka kinywani mwangu litamtoa baba nyumbani kwake, na sikulisema. Kidole gumba kikabonyeza kitufe.

Fup! Kitambaa kikapiga nyasi.

"Kwale!" baba akapaza sauti.

"Mmoja," nilisema.

Akavaa kofia. Njia nzima alikuwa anaongea. Alinieleza habari za kwale ambao nilishawasikia mara mia, na nikawaona wapya kabisa. Tulipofika nyumbani alifungua gazeti na kuirudisha saa ukutani.

Watu wanaosema uongo mmoja huzaa mwingine hawasemi kwamba kuna ufundi ndani yake. Sauti ile ya kwanza ilikuwa mbaya, nilijua. Ilikuwa sauti ya mwavuli. Kwale hafunguki mara moja, kwale anaanza kwa kishindo halafu anatetemesha hewa. Jumatatu nikaanza majaribio kibandani. Nilichukua mwavuli wa kiume wa kitambaa kizito, nikang'oa mbavu mbili kati ya nane ili kitambaa kilegee, nikalegeza kile kifungio cha juu usije ukasimama wazi, nikatia mafuta kwenye springi. Ukibonyeza na kuzungusha mpini kwa pamoja, unatoa fup, kisha frrrr. Wateja waliuliza nafanya nini. Nikawaambia ni ukaguzi wa ubora.

Kufikia wiki ya tano ya kazi hii nilikuwa naweza kurusha kwale wawili, kwa miavuli miwili, nikipishanisha. Baba alisema kwale mwaka huu wamekuwa wengi ila wamekuwa wakimya, zamani wakiruka walikuwa wanapiga kelele. Nilimwambia labda wana woga. Kulia kama kwale sikuthubutu. Kila mtu ana mpaka wake.

Aliyenitesa ni Karani. Kila nilipotoka nyuma ya kichaka alikuwa bado amesimama, mguu juu, na macho yake yakihama taratibu kutoka kwenye kichaka mpaka kwangu. Alinitazama kama mfanyakazi wa muda aliyemwona bosi akiiba karatasi za ofisi. Nikimfuta masikio jioni nilikuwa namwambia, "Usinitazame hivyo, na wewe ndiye uliyeanza."

Kila Jumapili kaka alipiga simu. "Ngapi?"

"Mbili."

"Bado mbili?"

"Bado."

"Mbwa wa miaka kumi na miwili," alisema kaka, na nikamsikia anaandika.

Wiki ya tisa baba aliteleza. Nilikuwa nyuma ya kichaka nakunja miavuli, na yeye akapiga hatua mbili kumfuata Karani, mguu ukaingia kwenye mdomo wa mtaro. Hakuanguka ndani. Karani alijiweka mbele yake akakaza mwili, baba akamwegemea. Lakini muundi ulichubuka kutoka kifundo mpaka karibu na goti, na damu ikajaa soksi. Nilimfunga jeraha pale pale. Nilimwona tayari yuko chini, kwenye saruji, na mimi nimeshika miavuli miwili. Usiku ule niliwaza kumpigia kaka na kumwambia yote. Asubuhi baba aliniuliza kama glovu ya Karani imekauka, na sikupiga simu. Nilichofanya ni kumshonea baba suruali ili kaka asione.

Wiki ya kumi na mbili kaka akaja mwenyewe. Alikuja na viatu vya ofisini, tai, na daftari.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekuja kutupima?"

"Nimekuja kutembea na nyinyi."

"Na tai?"

"Nimetoka kazini, baba." Ilikuwa Jumamosi saa moja asubuhi. Hiyo ilikuwa kweli, alikuwa amekagua soko la alfajiri kwanza.

Jua lilikuwa kali, hakuna wingu hata la kuazima. Nilibeba mwavuli mmoja tu, ule wangu mzuri.

"Mwavuli wa nini na jua lote hili?" kaka akauliza.

"Ndiyo wa jua, kaka."

Alinitazama. Tulipofika kwenye nyasi akanyoosha mkono. "Nipe huo nipigie nyasi. Leo natangulia mimi. Wewe mshike baba, wewe ndiye umezoea mwendo wake."

Ningesema nini? Nikampa. Nilimshika baba kiwiko. Tulikwenda robo saa. Nilimwomba Karani kimoyomoyo asisimame popote, aumwe tumbo, alale. Karani hajawahi kunisikiliza. Alifika kwenye mawe, akanusa, akakunja mguu, akanyoosha mkia.

Baba akavua kofia.

Kaka akatangulia. Anatembea kama anapima kiwanja. Akapiga nyasi kwa ncha ya mwavuli upande wa kulia, akapiga upande wa kushoto, akaingia nyuma ya kichaka, akapiga na huko. Hakuruka hata panzi. Kaka akasimama wima na kugeuka, daftari tayari mkononi, mdomo umeshafunguka kwa kusema.

Hapo akamwona baba. Mimi nilikuwa nakiona kila Jumamosi alichokiona yeye siku hiyo mara ya kwanza: baba kichwa wazi juani, sikio moja limeelekezwa mbele, kofia imebanwa kifuani kwa mikono miwili, anangoja kama mtu anayesomewa majina ya waliofaulu. Kaka akaufunga mdomo.

Kisha akautazama mwavuli. Aliugeuza mkononi kama anavyogeuza jiwe la mzani. Akahesabu mbavu, akakuta sita. Akagusa kifungio, kikacheza. Akanusa vidole, mafuta mapya. Kumkamata mjomba kulimchukua asubuhi nzima, mimi nilikamatwa kwa dakika moja. Akainua macho akanitazama, na mimi nikatazama chini, nikisubiri lile neno "tatu". Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, hata mume aliponiacha.

Neno halikuja. Nilipoinua macho, daftari lilikuwa limerudi mfukoni na kaka alikuwa anapiga magoti kwenye nyasi, na viatu vyake vya ofisini, nyuma ya kichaka.

Fup! Alibonyeza bila kuzungusha, kosa la wanaoanza. Mwavuli ukapinduka ndani nje. Akahangaika nao, ukatoa sauti kama ya mtu anayetandika kitanda kwa hasira. Halafu, mbele ya macho yangu, mtu aliyemwandika mjomba wetu kwa gramu arobaini akaweka viganja mdomoni na kulia.

"Kwe! Kwe-kwe-kwe-kweee!"

Karani akakaa chini. Katika maisha yake hakuwahi kukaa wakati wa kazi.

"Wangapi?" baba akauliza.

Kaka aliinuka, ana majani kwenye tai. "Wawili," alisema. Akafikiri, akaona haitoshi. "Mmoja mkubwa sana."

Baba akavaa kofia, akaiweka sawa.

"Tatu," akasema.

"Baba, nimesema wawili."

"Nimekusikia. Na mimi nimesema tatu. Dada yako kwale wake alikuwa anajitahidi, nilimkubali, kwa sababu siku nyingine sikuwa na hakika na siku nyingine sikutaka kuwa na hakika. Wako wewe ni mgonjwa."

Kaka alijaribu kuukunja mwavuli ukakataa.

"Nisamehe, baba," alisema. "Sijui imekuwaje."

"Nikusamehe nini? Nitafutieni mahali nikae."

Tulimkalisha kwenye jiwe. Karani akamwekea kichwa pajani. Baba akawa anamshika masikio, moja moja, akikagua kama yana unyevu, na akasema bila kututazama, maana kututazama hakukuwa na faida:

"Nilikuwa navuta muda. Chumba najua ni kizuri, mkeo hana neno, na mtaro huu nimeuona ukijengwa kwa macho yangu, naujua ubaya wake. Niliyekuwa namwogopa ni wewe. Mtu ukiwa huoni unavaa shati ndani nje. Unamwaga chai. Unalisalimia kabati ukidhani ni mgeni. Nikawa najiuliza, nikienda kwa yule nitaambiwa kila kitu, na kipimo chake. 'Baba, umemwaga nusu kikombe.' Ningekufa kwa aibu kabla macho hayajamaliza kazi yao. Sikujua kama unaweza kuniacha nipite." Akacheka kidogo. "Kumbe unaweza kupiga magoti ukalia kama kuku anayetaga. Basi naweza kuishi na wewe. Twendeni, nikafungashe."

Kaka alilia. Alilia kwa sauti yake mwenyewe, ambayo ilikuwa afadhali.

Mimi sikulia pale. Niliumia, na sitaki kuficha. Nilifungua mwavuli majuma kumi na moja ili baba abaki, kaka akaufungua mara moja na akamchukua.

Kuhusu Karani, jengo la kaka haliruhusu mbwa, na hilo tulilijua tangu mwanzo. Nilikuwa nimeshajiandaa kubaki naye na milango yote. Lakini siku ya Jumatano kaka aliandika barua kwa kamati ya jengo, akaeleza kwamba baba yake haoni na kwamba huyu ni mbwa wa kuongoza wasioona, mwenye mafunzo ya miaka kumi na miwili. Nilimuuliza kama anajua alichokiandika.

"Hajamwongoza?" kaka akasema. "Si ndiye aliyemzuia mtaroni?"

"Nani kakwambia habari za mtaro?"

"Suruali ya baba ina mshono wako, nikamuuliza baba," alisema. "Sikutaka kukuumbua." Alisema hivyo kama mtu aliyeonja kitu kipya na kukipenda. Kamati ikakubali.

Waliondoka Jumapili. Baba alikaa mbele, Karani nyuma, kichwa chake kati ya viti viwili na pua kwenye bega la baba, na zile kurasa sita nilizitia kwenye mkoba pamoja na glovu ya mpira. Nilisimama getini mpaka vumbi likatulia. Kisha nikaingia ndani, na nyumba ilikuwa kama nilivyoiogopa.

Sasa mimi ndiye niliyekuwa napiga simu. Wiki ya kwanza kaka alinipa taarifa safi. Mayai mawili, chai kikombe kimoja na robo, mizunguko mitatu ya jengo na Karani, hatua mia tisa na ishirini. Nililala usingizi. Wiki ya pili baba mwenyewe alichukua simu akaninong'oneza kwamba chakula cha kaka hakina chumvi na kaka anamwambia ipo, nisimwambie kaka kwamba anajua. Nilicheka peke yangu sebuleni.

Wiki ya nne, Jumanne, saa nne asubuhi, nilipiga nikiwa kibandani.

"Baba hajambo?"

"Hajambo kabisa," alisema kaka.

"Anakula?"

"Anakula vizuri sana."

Nilikuwa nashona kitambaa kwenye ubavu. Nikaweka sindano chini. Kaka hajawahi kutumia neno "vizuri" bila namba.

"Mayai mangapi?"

"Ya kutosha."

"Na Karani?"

"Naye vizuri sana. Wote wawili."

"Nipe niongee na baba."

"Amelala," alisema kaka. Kisha akaongeza haraka, "Ila anakusalimia sana."

Baba hajawahi kulala saa nne asubuhi tangu nimjue, na hakuna mtu aliyelala anayetuma salamu. Nilikata simu nikabaki nimeishika. Ningeweza kumpigia wifi, lakini wifi ameishi na kaka miaka kumi na tisa, na kama kaka ameambukizwa uongo, yeye amenusurika vipi? Bwana mifugo yuko huku. Katika ukoo wetu wote alikuwepo mtu mmoja tu ambaye akikwambia jambo unaweza kuzima taa ukalala. Sasa hakuwepo tena, na aliyempa mwavuli ni mimi.

Mteja alikuwa amesimama mbele ya kibanda, mama mmoja aliyekuja kuchukua mwavuli wake. Alinitazama nikikusanya vitu.

"Kuna nini, fundi? Mbona umebadilika?"

"Hakuna kitu," nilimwambia. "Baba yangu hajambo kabisa. Kaka amesema."

Nikafunga kibanda, mwavuli wake ukiwa bado ndani, nikakimbilia basi.